Chombo na Mwenyewe: Kikapu, Katani na Mfuko wa Plastiki

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, fikira zetu huelekea upesi kwenye ngoma, mashairi, ngano na vinyago. Ni haki iwe hivyo, kwani mambo hayo yalidharauliwa sana wakati wa ukoloni, na Mwalimu Julius K. Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, kuyarudishia heshima yake lilikuwa moja la madhumuni makubwa. Lakini utamaduni wa watu ni mpana kuliko uwanja wa ngoma. Umo pia katika namna wanavyobeba unga kutoka sokoni, wanavyofunga samaki, wanavyohifadhi maziwa, na wanavyokitupa kile wasichokihitaji tena. Mambo hayo ni madogo, na kwa kuwa ni madogo hatuyaandiki. Na kwa kuwa hatuyaandiki, yanapotoweka hatujui yalitoweka lini wala kwa nini.

Katika makala haya tutajaribu kueleza historia ya jambo moja la namna hiyo, yaani chombo cha kubebea na kufungia vitu. Jambo hili limepata uzito mpya tangu nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Walimu wengi hulifundisha kama somo la mazingira na usafi, na hawakosei. Sisi tunapenda kulitazama kama somo la historia, kwa sababu mtu asiyejua kitu kiliingiaje nyumbani mwake atapata taabu kukitoa. Tutaona kwamba tofauti kubwa baina ya kikapu na mfuko wa plastiki haimo katika ukindu wala katika mafuta ya petroli ambamo vitu hivyo hutokana. Imo katika swali jepesi: chombo hiki ni cha nani?

Vyombo vya asili

Ususi wa Pwani yetu ni wa kale mno. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Kristo, mtu mmoja asiyejulikana jina aliandika kwa Kigiriki kitabu cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Hindi, ambacho leo huitwa Periplus. Humo ametaja kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wamekilinganisha na Pemba, Unguja au Mafia. Anaeleza kuwa watu wa kisiwa hicho walikuwa na mitumbwi ya gogo moja na vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, na kwamba walikamata kasa kwa kutega matenga ya kusukwa kwenye milango ya maji. Mvuvi wa leo anayetega dema angeitambua kazi hiyo bila mkalimani.

Kazi ya kusuka ilikuwa na malighafi zake, na kila malighafi ilikuwa na mahali pake. Majani ya mkindu, ambayo ni laini, yalianikwa juani, yakachanwa, yakatiwa rangi, kisha yakasukwa ukili, yaani ule utepe mrefu ambao ukishonwa huwa mkeka, kikapu, au kawa ya kufunikia chakula. Miyaa, ambayo ni majani ya mkoma na ni migumu zaidi, ilifaa kwa majamvi, makanda na vikapu vya kazi nzito. Makuti mabichi ya mnazi yalisukwa mapakacha kwa muda mfupi, papo hapo shambani, kwa ajili ya kubebea nazi, mihogo au maembe. Tui lilichujwa kwa kifumbu. Huko Zanzibar halua ilitiwa katika vikapu vidogo vya kusuka, na mgeni aliyeondoka nayo alichukua kazi ya watu wawili, mpishi na msusi.

Bara nako kulikuwa na maarifa yake. Katika nyanda za juu za Iringa wanawake wa Kihehe wamekuwa wakisuka vikapu kwa milulu, nyasi ziotazo mahali penye majimaji, na vikapu hivyo leo vinauzwa hata ng'ambo. Wamasai walihifadhi maziwa katika vibuyu vilivyosafishwa kwa kijinga cha moto cha mti maalumu, ambacho kilisaidia maziwa yasiharibike upesi na kuyapa harufu nzuri. Wachaga na Wahaya, watu wa migomba, walifunga na kufunika vyakula kwa majani yake. Na kwa jirani zetu wa Kenya, Wakikuyu na Wakamba walisuka vyondo, mifuko ya nyuzi za magome ya miti na baadaye ya nyuzi za katani, yenye mkanda wa kuvisha kichwani mzigo ulipokuwa mzito.

Isidhaniwe kwamba wazee wetu hawakutupa kitu. Pakacha lilitumika mara chache likaachwa. Jani la mgomba lililofungiwa chakula lilitupwa siku hiyo hiyo. Hivyo vilikuwa vyombo vya matumizi ya mara moja kwa maana kamili ya maneno hayo. Lakini pakacha lililotupwa shambani lilikuwa mbolea kabla ya mvua za mwaka wa pili, na jani la mgomba liliokotwa na mbuzi kabla jua halijazama. Kitu kilichotoka ardhini kilirudi ardhini. Kutupa, kwa hiyo, si dhambi iliyozuliwa juzi. Kilicho kigeni ni kutupa kitu ambacho hakuna awezaye kukipokea.

Muuzaji na kipimo, mnunuzi na chombo

Tukitazama desturi za soko la zamani tunaona kanuni moja iliyofuatwa bila kuandikwa popote. Muuzaji alikuwa na kipimo. Mnunuzi alikuwa na chombo. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na kwa pishi, ambayo ni vibaba vinne, kisha ikamiminwa katika kikapu au kanda la mnunuzi. Mafuta ya nazi na mafuta ya taa yalipimwa kwa kikombe yakatiwa katika chupa ambayo mnunuzi alitoka nayo nyumbani. Maziwa yalikwenda katika kibuyu au sufuria. Samaki walitungwa katika ukambaa wakabebwa mkononi, na mtungo huo wa samaki ukawa wenyewe kipimo cha bei. Mtoto aliyetumwa dukani alitumwa na vitu viwili, pesa na chombo. Akisahau kimojawapo, safari yake ilikuwa bure.

Kanuni hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba iliweza kuvimeza vyombo vya kigeni. Debe ni mfano mzuri. Lilikuja kama kopo la bati la kuletea mafuta ya taa kutoka ng'ambo, nalo kwa desturi ya kwao lilikuwa la kutupwa mafuta yakiisha. Kwetu halikutupwa. Liligeuzwa kuwa chombo cha kutekea maji, likawa kipimo cha mahindi na mpunga, likakunjuliwa likaezekwa juu ya nyumba, na makopo madogo yakawa koroboi mikononi mwa mafundi wa bati. Hata neno lenyewe limeingia katika hesabu za wakulima, kiasi kwamba mpaka leo mkulima husema amevuna madebe kadhaa bila kufikiria mafuta ya taa hata kidogo.

Chupa ya kioo ya soda nayo iliingia chini ya kanuni hiyo hiyo. Chupa 24 zilikaa katika kreti moja, na aliyetaka kuondoka na soda alipaswa kutoa chupa tupu au kuweka fedha za dhamana. Hakuna aliyehitaji kumhubiria mwananchi juu ya usafi wa mazingira ili airudishe chupa. Alirudisha kwa sababu ilikuwa na thamani na ilikuwa na mwenyewe. Chupa ya bia inafuata mwendo huo hata leo, na ni nadra kuikuta imelala mtaroni.

Mkonge na mpinzani wake

Ili kuelewa jinsi plastiki ilivyoingia katika maisha yetu hatuna budi kutoka kidogo jikoni na kwenda shambani. Kwa kawaida tunadhani kuwa plastiki ilitufikia kwa njia ya mfuko wa sokoni. Kwa kweli ilikwisha kutugusa miaka mingi kabla ya hapo, na ilitugusa mahali penye maumivu, yaani kwenye mkonge.

Mkonge si mmea wa asili yetu. Ulitoka Meksiko, na jina lake la kigeni, sisal, limetokana na bandari ya Sisal iliyoko Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kupitia Florida, Marekani. Miche iliyofika hai pwani ya Tanga ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache lilikua shamba moja, kisha mashamba mengi, kutoka Tanga na Pangani hadi Morogoro, Kilosa na Lindi. Waliolikuza ni watu waliotoka mbali, wakaandikishwa kwa namba, na kwa sababu ya namba hizo wakaitwa manamba. Jasho lao ndilo lililoifanya Tanganyika iongoze duniani kwa katani wakati ilipopata Uhuru mwaka 1961. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000.

Katani hiyo ilikwenda kufunga dunia. Ilikuwa kamba za meli, magunia, na hasa kamba za kufungia majani makavu na mavuno katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Lakini katika miaka ya 1950 wanasayansi wa Ulaya na Marekani walipata njia ya kutengeneza polipropilini, aina ya plastiki inayoweza kuvutwa kuwa nyuzi. Nyuzi hizo zilikuwa nyepesi, hazikuoza, na kadiri viwanda vilivyoongezeka zilizidi kuwa rahisi. Bei ya katani ilianza kuanguka baada ya mwaka 1964. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 na sehemu kubwa ya mashamba kutaifishwa, taifa lilirithi mali ambayo soko lake lilikuwa linaliwa na mchwa kutoka ndani. Hapana shaka zilikuwapo sababu nyingine pia, kama ushindani wa Brazili, udhaifu wa uendeshaji, na upungufu wa wafanyakazi. Hata hivyo matokeo yalionekana wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi haikufikisha hata tani 30,000 kwa mwaka.

Hapa pana fundisho ambalo wanafunzi wa historia wanapaswa kulizingatia. Ile sifa iliyowavutia wanunuzi wa ng'ambo, kwamba kamba ya plastiki haiozi, ndiyo hiyo hiyo inayowahangaisha leo. Katani iliyokatika shambani ilioza ikawa udongo. Kamba ya plastiki iliyokatika imo shambani bado. Bei ya rahisi iliyoishinda katani haikuhesabu gharama ya kuiokota. Gharama hiyo iliachwa ilipwe na watu wengine, na katika wakati mwingine.

Mfuko usio na mwenyewe

Plastiki ambayo hutengenezewa mifuko mingi, yaani polithini, iligunduliwa kwa bahati mwaka 1933 na wanakemia wa kiwanda kimoja cha Northwich, Uingereza, waliokuwa wakitafuta jambo jingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kufunika nyaya za mitambo ya rada. Mfuko wa sokoni wenye vishikio viwili, kama tunavyoujua, ulibuniwa Uswidi na mhandisi Sten Gustaf Thulin, na hati ya kuulinda ubunifu huo ilitolewa Marekani mwaka 1965. Inasemekana nia yake ilikuwa njema, kwani alitaka watu wawe na mfuko mwepesi wa kutumia tena na tena ili miti isikatwe kwa ajili ya mifuko ya karatasi.

Kwetu mifuko hiyo ilienea hasa baada ya masharti ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Kabla ya hapo duka lilifunga sukari katika karatasi ya kaki na maandazi katika gazeti. Mifuko ya kwanza ilikuwa minene, ilichorwa picha, ikanunuliwa, ikafuliwa na kutunzwa. Wananchi waliiita mifuko ya rambo, kwa sababu ya picha ya shujaa wa sinema iliyokuwa juu yake. Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi kingawa kidonda. Kisha ikaja mifuko myembamba zaidi na zaidi, mpaka ikawa haina bei. Muuzaji wa nyanya aliitoa bure, na asiyeitoa alikimbiwa na wateja.

Hapo ndipo kanuni ya zamani ilipovunjika. Kuanzia siku mfuko ulipotolewa bure, mnunuzi hakuwa na sababu ya kutoka nyumbani na chombo. Wajibu wa chombo ulihama kutoka kwake ukaenda kwa muuzaji. Na muuzaji, akishaukabidhi mfuko, alijiona kuwa amemaliza wajibu wake. Mnunuzi naye alipofika nyumbani na kutoa nyanya zake, hakuuona mfuko kuwa mali yake kwa kuwa hakuununua. Hivyo kikazaliwa kitu ambacho hatukupata kuwa nacho katika historia yetu yote, yaani chombo ambacho hakikuwa cha muuzaji, wala cha mnunuzi, wala cha ardhi.

Matokeo yake tunayafahamu. Mitaro ya miji iliziba. Mafuriko kama yale ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yalikuwa na sababu kubwa zaidi, yaani mvua nyingi na ujenzi wa mabondeni. Lakini mtaro uliojaa takataka hauna msaada wowote siku ya mvua. Ng'ombe na mbuzi waliokula mabaki ya vyakula jalalani waliimeza mifuko pamoja na mabaki hayo, wakafa polepole. Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004 na kufariki mwaka 2011, alionya mapema kuwa mifuko iliyotupwa hutuamisha maji ya mvua na kuwa mazalio ya mbu wa malaria. Na baharini kasa, ambao zamani walitegewa matenga, sasa hutegwa na mifuko inayoelea, kwani huidhania kuwa chakula.

Lugha nayo iliyaandika mabadiliko haya kwa njia yake. Neno kiroba lilikuwa jina la gunia dogo, mathalani kiroba cha unga. Baadaye likawa jina la kifuko kidogo cha plastiki chenye pombe kali, kilichouzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu na kutupwa mahali popote kiliponywewa. Serikali ya Tanzania iliipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi, 2017. Neno lililobeba unga wa familia lilikuwa limefikia kubeba aibu.

Yafaa hapa tuseme kweli yote. Si kila plastiki imetudhuru. Mtungi wa udongo ni mzuri kwa kupoza maji, lakini ni mzito na huvunjika, na waliobeba uzito huo kutoka kisimani walikuwa wanawake na watoto wa kike. Ndoo na dumu la plastiki viliwapunguzia mzigo, wala hakuna mwenye haki ya kuwaambia wairudie mitungi kwa ajili ya sifa ya utamaduni. Tena, tukilitazama dumu vizuri, tunaona kuwa lilipokewa kwa kanuni ile ile ya debe. Lilikuja na mafuta ya kupikia, likabaki na maji, likatobolewa likawa la kunawia mikono, na kwa miaka mingi lina mwenyewe anayelijua hata kwa alama ya rangi. Kwa hiyo ugomvi wetu si na plastiki yote. Ni na plastiki inayotumika kwa dakika chache na kudumu kwa vizazi.

Sheria na desturi

Afrika Mashariki imekuwa mstari wa mbele duniani katika kulikabili jambo hili, na ni haki wanafunzi wetu walijue hilo. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Rwanda ilitunga sheria yake mwaka 2008. Kenya, baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindikana, ilitekeleza marufuku tarehe 28 Agosti, 2017, kwa adhabu kali inayoweza kufikia shilingi za Kenya milioni 4 au kifungo cha miaka minne. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni, 2019, baada ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kulitangaza jambo hilo bungeni mwezi Aprili mwaka huo. Kanuni za mwaka 2019 ziligusa uingizaji, utengenezaji, uuzaji na hata matumizi ya mifuko ya kubebea, zikaacha nafasi kwa vifungashio vya dawa, vya viwandani na vya kilimo.

Mabadiliko yalionekana kwa macho. Miti ya kando ya barabara iliyokuwa ikipeperusha mifuko kama bendera ikarudia sura yake. Wauzaji wa vikapu walirudi katika milango ya masoko. Lakini jambo lililofuata lina mafunzo zaidi. Mahali pa mfuko wa plastiki palichukuliwa na mfuko mwingine unaofanana na kitambaa, ambao wananchi waliuita mfuko mbadala. Mwingi wa mifuko hiyo umetengenezwa kwa polipropilini, yule mpinzani wa zamani wa katani. Hata hivyo uliuzwa, haukutolewa bure, na kwa kuwa umenunuliwa watu waliutunza na kutoka nao tena. Baadaye vifuko vyepesi vinavyoona, vilivyoruhusiwa kwa kufungashia bidhaa tu, vilianza kutolewa bure kama vya kubebea, na desturi mbaya ikarudi kwa mlango wa nyuma. Serikali ililazimika kuvikataza kwa matumizi hayo.

Matukio hayo mawili yanathibitisha hoja yetu. Panapokuwa na bei na mwenyewe, chombo hutunzwa hata kikiwa cha plastiki. Panapokosekana mwenyewe, hutupwa hata sheria ikiwa kali. Sheria inaweza kukiondoa kitu sokoni kwa siku moja. Kumrudishia mtu tabia ya kutoka nyumbani na kikapu ni kazi ya malezi, nayo huchukua miaka.

Kazi hiyo imevuka mipaka ya nchi moja. Tarehe 2 Machi, 2022, wajumbe wa Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa waliokutana Nairobi waliamua uandaliwe mkataba wa dunia nzima juu ya uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo yalikwama Busan mwaka 2024, na yale ya Geneva ya Agosti 2025 nayo yalimalizika bila mapatano, kwa kuwa nchi zimegawanyika juu ya kama mkataba upunguze utengenezaji wenyewe wa plastiki au ushughulikie takataka zake tu. Sisi ambao tuliona katani yetu ikishindwa na kitu kilichouzwa chini ya gharama zake za kweli tuna neno la kusema katika mjadala huo.

Watu wetu hawakungoja mkataba. Huko Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi kwa plastiki iliyookotwa ufukweni, wakalipamba kwa kandambili chakavu za rangi nyingi, na kuliteremsha majini mwaka 2018. Mwaka 2019 jahazi hilo, liitwalo Flipflopi, lilisafiri mpaka Zanzibar. Hakuna anayedai kuwa majahazi yataimaliza takataka ya bahari. Ila mafundi hao walionyesha kwamba ustadi uliorithiwa kutoka kwa wazee unaweza kukishika kitu kigeni na kukipa kazi, kama mafundi wa bati walivyolifanyia debe.

Hitimisho

Mwacha asili ni mtumwa, na methali hiyo hutumiwa mara nyingi kuwataka vijana warudi nyuma. Sisi hatuitumii hivyo. Asili tunayoisema hapa ni ile kanuni kwamba kila chombo kiwe na mwenyewe, na kanuni hiyo inaweza kuishi katika kikapu cha ukindu, katika mfuko wa kitambaa, katika chupa ya dhamana, au katika dumu. Jambo moja tu la kuangalia: tukiwataka wananchi wanunue vikapu, tukubali pia kulipa bei inayolingana na kazi. Ukili wa kikapu kimoja huchukua siku nyingi za mikono ya mwanamke. Kikapu kitakachonunuliwa kwa bei ya kumwonea msusi kitakuwa kimerudia kosa lile lile la mfuko wa bure, yaani kumwachia mtu mwingine alipe gharama.

Shule zetu zina nafasi kubwa katika jambo hili. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, imekubalika kuwa kazi za mikono ni sehemu ya elimu. Yafaa wanafunzi wapelekwe kwa wasusi wa kijiji chao wajifunze majina ya vyombo, miti inayotumika, na hatua za kazi, kisha wayaandike, kwani majina mengi yamebaki vinywani mwa wazee tu. Yafaa kadhalika wapime kwa juma moja ni vyombo vingapi vilivyoingia shuleni bila mwenyewe, na vilikwenda wapi. Hesabu hiyo itawafundisha zaidi kuliko hotuba. Na duka la shule linaweza kuanza kesho kwa kuirejesha kanuni ya zamani, kwamba muuzaji ana kipimo, na mnunuzi aje na chombo chake.